Mdogo wangu amejiunga na Wamormoni na Desemba anakuja nyumbani. Tujadiliane naye vipi?

*Swali:* Shikamoo Mwalimu. Sisi ni Walutheri wa Machame, na marehemu babu yetu, mzaliwa wa 1924, alikuwa mwinjilisti. Bibi naye ameshatangulia. Mdogo wangu wa kiume yuko Utah, Marekani, tangu 2015. Mwaka juzi alibatizwa kwa Wamormoni, na Juni ijayo anaoa huko huko. Tunabishana kwenye grupu la familia karibu kila wiki. Namtumia aya, kama Wagalatia 1:8, na video, na kumwambia kwamba Wamormoni wanaoa wake wengi, wanamwabudu mwanzilishi wao Joseph Smith na hawamwamini Yesu; yeye anajibu kwa upole kwamba anajua kanisa lake ni la kweli. Wazazi nao wamesikia kwamba ni Freemason, na wanaogopa. Mwezi uliopita aliulizia tarehe ya kuzaliwa ya babu, tukaja kugundua kwamba ni kwa ajili ya kumbatiza. Nilimwandikia kwamba ameuza kaburi la babu. Juu ya hayo tumeambiwa ndoa itafungwa hekaluni na sisi hatutaruhusiwa kuingia. Desemba anakuja na mchumba wake, na baba ameshaandaa daftari la aya. Nifanye nini ili safari hii tumrudishe?

*Jibu:* Marahaba, mwanangu. Pole sana, na wape pole wazazi.

Nianze na neno ambalo pengine hutalipenda. Daftari la baba halitamrudisha mdogo wako Desemba, hata likiwa na aya mia. Sisemi hivyo kwa kudharau aya. Mimi mwenyewe ni Mlutheri, na maisha yangu yote ya kazi nimefundisha Biblia na historia ya Kanisa. Nasema hivyo kwa sababu mnagonga ukuta usiobeba paa. Imani ya mdogo wako imesimama pahali pengine, na msipopajua pahali hapo mtarushiana maneno mpaka Krismasi ipite. Tena ndani ya barua yako kuna mambo mawili, la babu na la harusi, ambayo hayahitaji mjadala wa dini hata kidogo. Yanahitaji habari sahihi na simu moja ya adabu. Nitayafikia.

Watanzania tumelelewa na mihadhara. Uwanja umejaa, vipaza sauti viwili, Mwislamu ameshika Biblia, Mkristo ameshika Kurani, kila mmoja anatafuta mstari wa kumbana mwenzake, na umati unashangilia kila anapobanwa mtu. Tulijifunza huko kwamba kujadili dini ni kufungua kitabu na kumwonyesha mwenzako kwamba kinampinga. Ndicho ulichokifanya kwenye grupu. Umemtumia Wagalatia 1:8, onyo la Paulo juu ya malaika wa mbinguni atakayehubiri injili nyingine, kwa kuwa unajua Joseph Smith alisema malaika aitwaye Moroni alimtokea mwaka 1823 huko New York na kumwelekeza kwenye mabamba ya dhahabu. Kwako kesi imekwisha. Kwake haijaanza, maana anaamini kwamba injili ya kwanza ilipotoshwa baada ya mitume kufa, na malaika alikuja kuirudisha ileile. Ukimtumia Ufunuo 22:18, kwamba mtu asiongeze neno, atakukumbusha kwamba Musa alikataza hivyo hivyo katika Kumbukumbu la Torati 4:2, na bado Isaya na Yeremia wakaja. Ukiendelea kumbana, kanuni ya nane kati ya kanuni 13 za imani yao inasema Biblia ni neno la Mungu kadiri ilivyotafsiriwa kwa usahihi. Mlango huo ukiwa wazi, hakuna aya utakayoifunga nayo hoja.

Paa lenyewe limebebwa na nini? Nikusimulie nilichokiona. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa Nairobi, na mwanafunzi wangu wa zamani aliyejiunga na kanisa hilo akanialika ibadani Jumapili ya kwanza ya mwezi. Siku hiyo waumini hufunga milo miwili, na thamani ya chakula ambacho wangekila huitoa kusaidia wenye shida. Walishiriki mkate na maji, maji matupu bila divai. Baada ya hapo hakuna aliyehubiri. Kipaza sauti kiliachwa, na aliyeguswa aliinuka. Alisimama mama mmoja mwenye kanga mabegani, akafuata kijana wa chuo, kisha binti wa miaka kama saba. Hakukifikia kipaza sauti, ikabidi mtu amvutie kigoda. Akapanda, akashika pindo la gauni, akasema: "Ninajua kanisa hili ni la kweli. Ninajua Joseph Smith alikuwa nabii. Ninajua mama ananipenda." Akashuka. Siku ile walisimama watu tisa, na kila mmoja alianza na neno lilelile, ninajua.

Fikiria jambo hilo. Sisi Jumapili tunasimama na kusema "Namwamini". Wao husema "Ninajua", na kila mwezi wanasikilizana wakilisema. Neno hilo linatoka katika sura ya mwisho ya Kitabu cha Mormoni, kile ambacho Joseph Smith alisema alikitafsiri kutoka kwenye mabamba yale. Ni Moroni 10, ambapo msomaji anaambiwa amwombe Mungu kwa moyo wa kweli, naye ataonyeshwa ukweli wa kitabu kwa uwezo wa Roho Mtakatifu. Joseph Smith mwenyewe alisimulia kwamba safari yake ilianzia kwenye Yakobo 1:5, "na aombe dua kwa Mungu", aliyoisoma akiwa kijana wa miaka 14. Wamisionari walipokuja kwa mdogo wako hawakumtaka kwanza apime hoja. Walimtaka asome, apige magoti, kisha asikilize moyo wake. Akapata jibu. Kwa hiyo unapomtumia video ya saa moja, kwake unamwambia kwamba usiku ule alipolia peke yake chumbani Utah, Mungu hakuwapo. Nani atakubali kuambiwa hivyo na dada yake?

Kuna na jambo la pili. Kanisa lile limezaliwa katika kuteswa. Lilianzishwa tarehe 6 Aprili 1830. Mwaka 1838 gavana wa Missouri alitoa amri kwamba Wamormoni waangamizwe au wafukuzwe jimboni. Joseph Smith aliuawa na kundi la watu wenye silaha akiwa gerezani Carthage, Illinois, Juni 1844, na mwaka 1847 mrithi wake, Brigham Young, akawaongoza waumini hadi kwenye bonde la Salt Lake. Watoto wao hukua na simulizi za mikokoteni na makaburi ya njiani, kama sisi tulivyokua na simulizi za wamisionari wa Leipzig waliofika Machame mwaka 1893. Kwa hiyo ukimshambulia kwa ukali unampa nafasi katika simulizi ambayo ameshaipenda, nafasi ya mteswaji aliye upande wa kweli. Kila video kali unayoituma inamthibitishia.

Sasa safisha kwanza nyumba yako. Katika yale uliyonieleza kuna mambo ambayo si kweli, na ukiyarudia Desemba mbele ya mchumba wake utapoteza haki ya kusikilizwa kwenye yaliyo ya kweli. Unasema wanaoa wake wengi. Waliwahi, kwa uwazi kabisa, na Joseph Smith mwenyewe alioa wanawake wengi, jambo ambalo kanisa lake linakiri. Lakini tangazo la kuacha lilitolewa mwaka 1890, na leo mshiriki anayeoa mke wa pili hutengwa. Wale unaowaona kwenye televisheni ni wa vikundi vilivyojitenga. Unasema wanamwabudu Joseph Smith. Hawamwabudu, wanamhesabu kuwa nabii. Unasema hawamwamini Yesu, wakati jina kamili la kanisa lao ni Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, na wanafundisha kwamba alikufa kwa ajili ya dhambi na akafufuka. Hapa niongeze: tangu 2018 viongozi wao wamewasihi watu waliite kanisa kwa jina hilo na kuacha neno "Mormoni". Mimi nalitumia hapa ili tuelewane na wasomaji. Wewe ukiwa na mdogo wako, tumia jina analolitaka. Haikugharimu kitu.

Halafu hili la Freemason, ambalo najua ndilo linalowatisha wazazi usiku. Ukweli wake ni mdogo kuliko uvumi. Joseph Smith alijiunga na Freemason mwaka 1842 huko Nauvoo, Illinois, na wanahistoria wameonyesha kwamba baadhi ya ishara za ibada ya hekaluni zinafanana na za kwao. Yaishie hapo. Kanisa si tawi la Freemason, na mdogo wako hakununuliwa na mtu. Mwambie mama alale.

Je, ina maana hakuna tofauti? Ipo, tena kubwa, na baba yako ana haki ya kuumia. Sisi tunakiri imani ya Nikea, tangu mwaka 325, kwamba Mwana ni wa asili moja na Baba. Wao wanafundisha kwamba Baba, Mwana na Roho Mtakatifu ni nafsi tatu zilizo mbalimbali kabisa, zilizo moja kwa kusudi, na kwamba Baba ana mwili wa nyama na mifupa unaoshikika. Liko wazi katika kitabu chao cha Mafundisho na Maagano, sehemu ya 130. Wanafundisha pia kwamba roho zetu ziliishi na Mungu kabla hatujazaliwa, na kwamba binadamu aweza kukua mpaka afanane na Baba yake wa mbinguni. Huko si kutofautiana juu ya nyimbo au mavazi ya mchungaji. Ni Mungu tunayemtaja kwa jina moja tukimwelewa kwa namna mbili. Ndiyo maana walimbatiza upya mdogo wako, na ndiyo maana Vatikani nayo mwaka 2001 ilitamka kwamba ubatizo wao haukubaliki kuwa ubatizo halali. Nakueleza haya waziwazi kwa sababu wapo watakaokwambia "dini zote ni moja, nyamazeni". Sikubaliani nao. Kumwambia mtu "mimi na wewe hapa hatuko pamoja, na inaniuma" ni heshima. Anajua basi kwamba umemsikia.

Ila jiandae, na yeye ana lake. Moroni 8 inakemea ubatizo wa watoto wachanga kwa maneno mazito. Wao huanza kubatiza mtoto akiwa na miaka minane. Maana yake ni kwamba ubatizo wako, wa baba, na wa babu, wote wa uchangani, kwa kitabu chake si ubatizo. Hajakwambia kwa sababu anakupenda. Ukimsukuma atakwambia, na mama atakuwa amesikia. Vilevile ukitaka kumhukumu nabii wake kwa dhambi zake, kumbuka kwamba Luther aliandika mwaka 1543 maneno dhidi ya Wayahudi ambayo makanisa yetu yenyewe yamelazimika kuyakana. Mdogo wako anaishi Marekani na anasoma. Atakuwa anayajua.

Basi uzungumze naye nini? Chagua swali moja, liwe lako kweli, usilolikopa kwenye video. Na kabla ya swali hilo, mwombe akusimulie. Ulisema katika miaka hii miwili amewaandikia kwamba "anajua". Kuna mtu hata mmoja nyumbani aliyemwuliza alijuaje? Mpigie, msiwe kwenye grupu, mwambie: "Nisimulie siku ile. Ulikuwa wapi, ulikuwa unapitia nini?" Kisha nyamaza. Usimkatize hata pale utakaposikia jambo lisilolingana na katekisimo. Huenda utagundua kwamba alipofika huko hakuna aliyemjua, na kwamba askofu wao ndiye aliyembebea kitanda. Na usichanganyikiwe na maneno. Kwao askofu hana kasula wala dayosisi. Ni jirani mwenye kazi yake, fundi au mhasibu, anayeongoza kata, yaani usharika wao, bila mshahara kwa miaka kadhaa. Na wamisionari wao wa kiume, vijana wa miaka 18 au 19 hivi, huitwa "Mzee" kama cheo. Nimeona familia zikigombana juu ya neno moja ambalo kila upande ulilielewa kivyake.

Akishasimulia, swali ambalo mimi ningeuliza ni hili: "Babu alisali miaka zaidi ya sitini. Alipokuwa anakufa hakuogopa. Alisema Roho alimshuhudia kwamba ameokolewa kwa neema, katika kanisa hili hili. Uhakika wa babu unauweka wapi?" Hapo ndipo paa lenyewe lilipo. Hutaji mabamba wala wake wengi. Unamwomba atazame ushuhuda wake kando ya ushuhuda mwingine ambao naye aliuona kwa macho. Sikuahidi atajibu nini. Wengi hujibu kwamba babu alikuwa na kweli nyingi, ila hakuwa na utimilifu. Wengine hunyamaza. Akikujibu, usimrukie. Mwache swali alale nalo.

La weusi na ukuhani utalikuta tu, kwa hiyo nikupe historia yake. Tangu mwaka 1852, chini ya Brigham Young, kanisa hilo lilikataa kuwapa ukuhani, ambao kwao hupewa waumini wa kiume kwa kawaida, wanaume wenye asili ya Afrika, na watu weusi, wanaume kwa wanawake, wakazuiwa ibada kuu za hekaluni. Zuio lilidumu hadi Juni 1978. Tena kabla yake, mwaka 1836, mtu mweusi aitwaye Elijah Abel alikuwa ameshapewa ukuhani wakati wa uhai wa Joseph Smith. Mwaka 2013 kanisa lilichapisha maelezo rasmi yanayokana dhana zote za zamani, pamoja na ile ya kwamba weusi wa ngozi ni laana. Huku kwetu Afrika kuna jambo ambalo wengi hawalijui: kabla ya 1978 kulikuwa na watu Ghana na Nigeria waliosoma vitabu vya kanisa hilo, wakaunda makundi yao wenyewe na kuomba wabatizwe, wakaachwa wangoje kwa miaka. Anthony Obinna wa Nigeria alibatizwa Novemba 1978, baada ya kusubiri zaidi ya miaka saba. Leo Kinshasa ina hekalu tangu 2019 na Nairobi tangu 2025. Mdogo wako ni Mwafrika, hili amelipitia moyoni kuliko wewe na mimi. Ukilitumia kama rungu atalikinga. Ukimwuliza kama dada, "wewe ulilimezaje?", utasikia jambo ambalo pengine hajamwambia mtu.

Sasa babu. Natamani ungeniandikia kabla hujamtumia maneno yale. Wanachokifanya ni hiki: muumini aliye hai huzamishwa majini kwa niaba ya marehemu, katika birika kubwa lililobebwa na sanamu za ng'ombe dume kumi na wawili, kama ile bahari ya shaba ya Sulemani katika 1 Wafalme 7. Wanaegemea 1 Wakorintho 15:29, ambapo Paulo anataja wabatizwao kwa ajili ya wafu. Hawafukui mtu, wala kaburi haliguswi. Na kwa mafundisho yao marehemu ana hiari: anaweza kuupokea ubatizo huo au kuukataa, na jina lake haliingizwi katika hesabu ya waumini. Mimi siukubali ubatizo huo. Babu yenu alibatizwa mara moja, inatosha. Lakini tazama kilichomsukuma mdogo wako. Yuko maili elfu kadhaa kutoka kihambani, na anachotaka ni kwamba babu asikose kuwa naye milele. Mchagga asiyeelewa hamu hiyo simjui.

Na hili ndilo jambo ambalo nadhani hakuna aliyewaambia. Kanuni za kanisa lao wenyewe zinasema kwamba ikiwa marehemu alizaliwa ndani ya miaka 110 iliyopita, ni lazima ipatikane ruhusa ya ndugu yake wa karibu zaidi aliye hai: mwenzi wake, kisha mtoto wake aliye mtu mzima, kisha mzazi, kisha ndugu wa kuzaliwa naye. Umeniambia babu alizaliwa 1924 na bibi ameshatangulia. Basi ruhusa ni ya watoto wa babu, yaani baba yako na shangazi zako. Mjukuu hana neno la mwisho. Baba anaweza kusema, bila ugomvi wowote, "Mwanangu, nimesikia nia yako, nashukuru. Kwa baba yangu siruhusu." Mdogo wako atapaswa kutii, na kitabu chake mwenyewe cha maongozi kinamwambia hivyo. Ila jina na tarehe zenyewe msimnyime kwa hasira. Watu wale ni mabingwa wa kutunza nasaba. Wanahifadhi kumbukumbu za koo za dunia nzima, na katika nchi kadhaa za Afrika wamerekodi wazee wakitaja vizazi vyao kwa mdomo. Ukoo wenu haujaandikwa popote. Kubalianeni wazi: majina yaandikwe kwa ajili ya ukoo, ibada isifanyike bila baba.

La harusi ni jepesi zaidi. Ni kweli, hekaluni haingii mtu asiye na kibali, na kibali hupewa muumini baada ya kuhojiwa na viongozi wake juu ya imani, zaka ya asilimia 10, usafi wa maisha na mengineyo. Hata wazazi wa bwana harusi hukaa nje wakingoja. Kwa miaka mingi Marekani ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu wachumba waliotaka kwanza ndoa ya kiserikali mbele ya ndugu walilazimika kungoja mwaka mzima ndipo waunganishwe hekaluni. Tarehe 6 Mei 2019 viongozi waliifuta sharti hiyo. Sasa wanaweza kufunga ndoa mbele yenu nyote, askofu wao akaisimamia kanisani au nyumbani, kisha wakaenda hekaluni kwa ibada ya kuunganishwa milele, hata siku hiyohiyo. Si wote wanaochagua hivyo, na hamwezi kuwalazimisha. Mnaweza kuomba. Ningekuwa wewe ningemwandikia hivi, yeye peke yake:

"Mdogo wangu, nisamehe kwa maneno ya kaburi la babu. Nilikosea. Kuhusu harusi, nimejifunza kwamba mnaweza kufunga ndoa mbele ya watu wote kisha mkaenda hekaluni. Baba anataka kuwaona kwa macho yake mkipeana ahadi. Tunaomba saa hiyo moja. Ya hekaluni ni yenu, hatutawahoji."

Kabla ya kuutuma, piga simu na uombe radhi kwa sauti. Nyumbani kwenu jani la isale, lile la kuombea msamaha, halitumwi kwa ujumbe.

Kuhusu siku za Desemba zenyewe, mama ajue mapema kwamba chai ya majani na kahawa hatavigusa, wala pombe. Wanaita Neno la Hekima, na wanalo tangu 1833. Mchaichai na tangawizi havimo katika katazo, maziwa hayamo, mtori haumo, nyama ya mbuzi haimo. Shida iko kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi. Baba mdogo akimkabidhi kata mbele ya wazee na kijana akarudisha, itasemwa kijijini kwamba amekataa ukoo. Baba aongee na nduguze kabla, kata impite bila maneno, apewe soda. Jumapili mwalikeni usharikani. Kanisa lake halimkatazi kuingia ibadani kwa wengine. Akibaki kwenye benchi wakati wa Chakula cha Bwana, mwacheni akae, msimwangalie.

Na daftari la baba. Usimwambie alitupe, ametoka jasho kuliandika. Mwombe alipindue, aanze upande wa nyuma, na huko asiweke aya. Aandike babu alivyoamini: nani alimfundisha kusoma, alitembea kwa miguu mpaka wapi kuhubiri, alisali nini mwaka ule wa njaa, alisema nini kitandani siku za mwisho. Mdogo wako anaheshimu ushuhuda kuliko hoja yoyote, na wa babu yake mzaa baba hajawahi kuusikia ukisomwa kwa sauti. Baba aanze na mwaka aliozaliwa babu, kwa sababu ndilo swali kijana aliloleta.